Paa la Mamluki

Simpendi baba yangu mkubwa. Naliweka hilo mbele kabisa, ili mtu asije akafika katikati akasema nilimficha. Ni kaka wa marehemu baba yangu, Mnubi wa Oli, mtaa wetu hapa Arua, mrefu, mwenye mgongo ambao uzee umeshindwa kuupinda, na chini ya kanzu yake nyeupe huvaa buti za jeshi zilizokwisha soli. Mtaa mzima humwamkia. Mimi nami humwamkia, kwa sababu mama yangu huwa ananitazama.

Nina kibanda cha video huko huko Oli, kuta za mbao, mabenchi, na pazia zito mlangoni la kuzuia jua. Kazi yangu ni ya viijei. Filamu inakuja na lugha ya wenyewe. Mimi nakaa kando ya skrini na kipaza sauti, naigeuza kwa Kiswahili chetu cha Arua huku inakwenda. Kugeuza ni neno la adabu tu. Ukweli ni kwamba nawapa watu wa kwenye skrini roho za watu wa hapa. Malkia atapata mdomo wa mama anayegombania zamu kwenye bomba la maji. Mchawi ataongea kama karani wa ofisi, pole pole, akikwambia urudi kesho. Simu zimeua vibanda vingi, kila mtu ana filamu mfukoni, lakini kwangu watu bado wanakuja. Filamu iko kila mahali, mdomo wangu uko hapa tu.

Arua ilikuwa imekwisha kufanywa jiji nilipopata mfululizo mmoja mrefu wa vita na giza. Nchi yenye mvua isiyokatika, mfalme asiye na kivuli, jeshi la maiti linaloamka ngoma ikipigwa. Katikati ya hayo yote kuna kikosi cha mamluki, watu wa upanga wasio na kwao, wanaopigania upande wowote unaowalisha. Leo wanamlinda mfalme, kesho wanamchomea ghala. Kapteni wao ni mzee mwenye kovu shingoni. Anaokoa kijiji kutoka kwa maiti, kisha anakula mbuzi wote wa kijiji hicho. Hujui kama ni mtu mwema au ni shetani, na kila ukidhani umemjua anafanya jambo jingine.

Mimi nilimjua tangu alipofungua mdomo. Nikampa sauti ya baba mkubwa.

Nilifanya kwa chuki, si kwa usanii. Siku zile zile baba mkubwa alikuwa ametangaza kwamba anauza nyumba anayokaa mama yangu, na mnunuzi alikwisha kuja kuizunguka, akigonga kuta kwa kidole. Nyumba ile aliijenga baba yangu, matofali aliyafyatua mwenyewe. Vita vilipokuja tulikimbilia ng'ambo ya mpaka, Sudan, kule ambako leo ni Sudan Kusini, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Watu wa kijiji kimoja huko walitupa mtama na kipande cha shamba, na mpaka leo mama huwaombea dua baada ya swala. Baba alifia kule. Tuliporudi Arua tulikuta kuta zimesimama bila paa, kwa sababu askari waliotufukuza walikuwa wamebeba mabati yote. Tukaishi ndani ya kuta zetu wenyewe chini ya turubai.

Baba mkubwa hakurudi nasi. Alibaki ng'ambo akipigana, mara kwa huyu, mara kwa yule, bunduki ikiwa ile ile. Halafu siku moja akafika na lori kwa njia ya Koboko, mji wa mpakani, limejaa mabati. Akaezeka nyumba, akasema ameyanunua kwa mshahara wake. Paa lilivuja tangu mvua ya kwanza, matundu kila mahali, na mama amelihangaikia maisha yake yote, akikanda sabuni ya kipande pamoja na pamba na kuyaziba moja moja. Hata hivyo lilikuwa paa, na aliyeliweka alikuwa yeye. Ndiyo maana mbele ya mwenyekiti wa mtaa alisimama akasema, "Nyumba iko paa. Bila paa, ile iko ukuta tu. Paa naweka mimi." Mwenyekiti akakuna kidevu, akakubali kwamba mwenye paa ana neno. Mama ahamie Ludara kwa kaka yake, akalime. Mama yangu, ambaye magoti yake yanalia akiinuka tu kwenye mkeka.

Basi mimi sina bunduki wala wakili. Nina kipaza sauti. Nikampa kapteni kule kukohoa kwa baba mkubwa kwa kusafisha koo, ile "sasa sikia" yake, na msemo wake ambao Oli nzima inaujua: "Kwanza tumbo, bendera baadaye." Nilitaka watu wamcheke mpaka aone haya kupita njiani.

Walicheka siku ya kwanza. Baada ya hapo wakaanza kumpenda. Kapteni akiingia kwenye skrini, kibanda kizima kinakohoa pamoja naye. Akichoma daraja huku wenzake wako ng'ambo ya pili, watu wanapiga makofi na kusema mzee ana akili. Baba mkubwa mwenyewe akapata habari, akaja, akakaa benchi la mbele na wazee wenzake, mikono juu ya fimbo. Kapteni alipokohoa, naye akakohoa. Wakamshangilia yeye kuliko filamu. Kuanzia hapo vijana wa boda wakamwita Kapteni barabarani, naye anainua mkono kidogo, mtu mkubwa kabisa. Nilikuwa nimemchongea mwiba, akautumia kuchokolea meno.

Baada ya kila sehemu watu walikuwa wakibaki kubishana. Kijana mmoja wa boda alisema kapteni ni mtu mbaya, hana dini. Mwingine akamrukia: "Mubaya nini? Bila yeye, nani nakula asubuhi? Wewe natoa chakula?" Mlangoni hukaa mama mmoja wa Sudan Kusini anayeuza samaki wakavu, mwanamke mpana, mwenye msalaba wa mbao shingoni, ambaye hufunua pazia akitazama bila kulipa nami namwacha. Siku hiyo aliingiza kichwa akasema, "Ninyi nacheka kwa sababu hawa watu hapana ingia kwa nyumba yenu." Wakamzomea, wakamwambia arudi kwa samaki wake.

Na kuna neno lenyewe hilo, mamluki. Sisi Wanubi tumerushiwa tangu zamani. Babu zetu waliletwa kutoka Sudan kupigana vita visivyokuwa vyao, na mtu akigombana nawe sokoni hakosi kukukumbusha. Kwa hiyo wazee wa benchi la mbele, walipomwona kapteni yule akishangiliwa, walifurahi kwa namna ambayo mimi sikuitarajia. Mmoja alitoka akifuta macho. Hilo nalo liliniudhi. Nilitaka aibu, nikatoa heshima bure.

Ikafika sehemu ya hekalu. Kikosi kinapanda mlimani, mvua inanyesha, njaa imewashika. Hekalu limeezekwa shaba. Ndani yake amebaki mwanamke mzee mmoja anayelinda taa. Kapteni anatazama juu, anatazama yule mwanamke, anawaambia watu wake wapande wang'oe. Kwenye filamu hasemi mengi. Mimi nikamsemea.

"Sasa sikia," nikakohoa. "Huyu mama iko mjane ya ndugu yangu. Ng'oa yote! Yeye nalala wapi? Hapana kazi yangu. Yeye naenda Ludara, nafukuza nyani kwa mahindi!"

Kicheko kikaanza nyuma, kikafika katikati, kikafa. Hakuna asiyejua habari ya nyumba ile. Vichwa vikageukia benchi la mbele.

Baba mkubwa aliinuka, akasimama mbele ya skrini, picha ikamwangukia kwenye kanzu, mamluki wakawa wanapanda na kushuka kifuani mwake. Nikasimamisha filamu. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilidhani atatukana, na mzee anayetukana amekwisha kushindwa.

Hakutukana. Aligeukia watu.

"Huyu mutoto nafikiri mimi nanunua mabati kwa duka," alisema, kwa upole. "Sasa sikia. Mimi hapana nunua. Natoa juu ya nyumba ya watu, ng'ambo, na hii mikono. Musumari moja, moja. Wenyewe iko nakimbia, mwingine iko nalala pale chini, hapana amka tena. Napakia kwa lori. Hii mabati huyu nalala chini yake, nakauka, nakuwa mutu ya kipaza sauti. Leo mimi iko mwizi. Asante ya punda, teke."

Pazia likafunuliwa, jua likaingia. Ni yule mama wa samaki.

"Mzee, kijiji gani?"

"Vita hapana uliza jina ya kijiji."

"Watu gani?"

Nadhani mzee angeweza kudanganya, na mpaka leo sijui kwa nini hakudanganya. "Wale ya mtama," akasema. "Pale sisi nakaa."

Mama wa samaki akaachia pazia likafunga. Kwenye benchi hakuna aliyekohoa. Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti, na watu wote sasa walikuwa wananitazama mimi.

Nilikwenda nyumbani kwa mama, lakini habari ilikuwa imepanda boda ikanitangulia. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele. Nyumbani tunaongea Kinubi, hivyo maneno yake nayaweka hapa kwa namna yangu. Nilimuuliza kama alijua. Alisema alijua siku ile ile lori lilipofika, kwa sababu bati mojawapo lilikuwa na kiraka cha debe la mafuta, na aliyekipiga kiraka kile alikuwa akimjua. Alikuwa amekaa chini ya bati hilo mara nyingi akimenya karanga na mke wa mtu huyo, yule aliyetupa mtama.

"Na ukanyamaza?" nikamwambia. Nilikuwa na hasira hata sauti ilinitoka ya kapteni.

"Ulikuwa unakohoa," akasema. "Turubai lilikuwa limepasuka, na mvua ilikuwa imekwisha kufika Koboko."

Nilitazama juu, nikaona matundu yake yote yenye sabuni, nikaelewa kwamba bati la dukani haliji na matundu. Kila tundu lilikuwa msumari wa mtu. Watu wa rika langu wamefundishwa mengi shuleni. Mimi nilikuwa nimelala chini ya jambo hilo tangu utotoni na sikuwahi kuuliza.

"Nenda kamwite baba yako mkubwa," mama akasema. "Mwambie aje achukue mabati yake. Na mwenyekiti mwite pia."

Nikamwambia amepata wazimu, paa likitoka ndiyo basi, amempa ushindi mkononi. Akarudia kuchambua mchele. Mama yangu akikwisha kusema jambo, unaweza kuzungumza na ukuta ukapata faida zaidi.

Asubuhi baba mkubwa alikuja na mikokoteni miwili na nyundo yenye kucha ya kung'olea misumari. Alikuwa na furaha ya wazi. Mwanamke mwenyewe ameomba paa lishushwe. Nyumba isiyo na paa haina mkazi, na isiyo na mkazi inauzika upesi. Hakukubali kusaidiwa. Alipandisha kanzu, akaifunga kiunoni, akapanda ngazi na buti zake, umri wote ule.

Sijapata kuona kazi safi namna ile. Alianza juu kwenye mgongo wa paa, akashuka safu kwa safu, akiingiza kucha chini ya kichwa cha msumari na kuupinda mkono kidogo tu. Msumari unatoka mzima. Bati halipindiki, halikwaruziki, analiteremsha kwa kamba kama mtu anayemshusha mtoto kitandani. Alikuwa akiimba chini chini. Majirani walikuwa wamejaa uani, na niliona wengine wakitikisa vichwa kwa kumsifu. Nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa hodari. Kwenye filamu yangu mamluki wanang'oa paa la hekalu huku wanapiga kelele na kuvunja ovyo; aliyeitengeneza hakuwahi kumwona mtu anayeijua kazi hiyo.

Mabati yalipokwisha kufungwa kwenye mikokoteni, mama akatoka na mkongojo wake, akasimama karibu na mwenyekiti.

"Shemeji, yako yote nachukua?"

"Yote."

"Musumari je?"

Akarudi kweli, akaokota misumari, hata iliyoanguka kwenye majivu ya jiko. Hakuweza kujizuia.

"Hapa hakuna kitu yako nabaki?"

"Hapana baki hata moja," akasema, akijipangusa mikono.

Mama akamgeukia mwenyekiti. "Mwenyekiti, wewe nasikia. Paa iko ya shemeji, shemeji nachukua. Ukuta iko ya bwana yangu. Udongo iko ya bwana yangu. Sasa mimi nataka watu natoka kwa nyumba yangu, nafagia."

Mwenyekiti akaanza kucheka taratibu, kisha wote uani wakacheka. Baba mkubwa alichelewa kuelewa. Maisha yake yote alikuwa amebeba mapaa akaacha kuta nyuma, na hakuwahi kurudi kuuliza kuta zinabaki za nani. Alizitazama, akaitazama mikokoteni. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakukohoa. Akaondoka akiisindikiza mikokoteni yake. Mnunuzi naye hatukumwona tena.

Nilifurahi mpaka nikaimba. Mama hakufurahi hata kidogo. Alikaa ndani ya kuta zake, jua likimpiga utosini, akasema nisicheke, ningefanya heri kutafuta turubai kabla ya mawingu. Nilimwezekea mabati mapya, ya dukani, yenye matundu niliyoyatoboa mimi tu. Hayavuji. Mama anasema yanapiga kelele.

Mfululizo bado unaendelea. Mzee haji tena, benchi la mbele lina nafasi yake wazi, na tunaamkiana njiani kama watu wanaotemeana mate. Nilijaribu kumpa kapteni sauti nyingine, ya mchinjaji mmoja wa sokoni, lakini watu waligonga mabenchi wakitaka ile ya zamani. Nikawarudishia. Na kila kapteni anapokohoa, namsikia mtoto mdogo akikohoa chini ya turubai lililopasuka, jambo ambalo silipendi, nami huongeza sauti ya muziki.

Haya, mabati yalikwenda wapi? Mzee aliyauza, hapo hapo Oli, kwa watu mbalimbali, na sehemu yake moja ikanunuliwa na mama wa samaki, kwa ajili ya jiko lake nyuma ya nyumba anayopanga. Hakuuliza yametoka wapi, kwa kuwa aliyeyapeleka alikuwa mchuuzi wa mabati, si mzee. Mvua ilipokuja alianza kulalamika mlangoni kwangu kwamba jiko linavuja kama chekecheo. Nilimweleza mama yangu habari hiyo kama kichekesho. Mama akachukua sabuni na pamba, akaniambia nimpeleke.

Tulimkuta mama wa samaki akipanga samaki kwenye karai. Mama yangu aliomba kigoda, akanipandisha juu yake, akaanza kuniongoza kutoka chini: hapa, hapo kushoto, pale kwenye kiungo, chini ya kiraka cha debe kuna mawili. Ng'ambo ya kiraka kuna moja dogo linalojificha. Alikuwa anayataja bila hata kuinua uso.

"Mama," mwenye jiko akasema, "wewe najua hii mabati namna gani?"

Ningemwekea mama uongo mzuri mdomoni kama angeniachia. Hakuniachia. Alimweleza yote, kwa Kiswahili cha kuokoteza na Kiarabu cha Juba: kijiji, mtama, karanga, mtu aliyepiga kiraka, lori, na mvua iliyokuwa imefika Koboko. Yule mama, ambaye kijiji hicho kilikuwa cha watu wake, alisikiliza huku akigeuza samaki, mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza kuwageuza akajifuta mikono kwenye nguo.

"Kwa hiyo hii mabati iko ya sisi."

"Iko ya ninyi," mama akasema. "Kweli kabisa."

"Kama iko ya sisi," akauliza, "kwa nini mimi nanunua?"

Mama aliikanda sabuni mkononi. Mimi nami, ninayekula kwa kuwawekea watu maneno mdomoni, nilisimama juu ya kigoda bila neno. Yule mama alitungojea muda, kwa adabu, kisha akarudi kwenye karai lake. Tukaendelea kuziba matundu.